Mninga wa Shimoni

Mwanangu Minza,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwako wewe uliye mbali. Wewe bado hauko mbali. Uko sokoni hapo Nyasubi na mama yako, mnachagua begi la safari, na kwa ninavyomjua mama yako mtazunguka maduka yote kisha mtarudi na begi mliloliona duka la kwanza. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefunga karakana, wateja nimewaambia waje Jumatatu, nimekaa kwenye benchi la kazi na daftari la vipimo. Naandika kwa penseli ya useremala kwa sababu kila kalamu niliyoishika imekauka. Usinicheke mwandiko.

Mambo ya chandarua, ya kupiga simu ukifika, ya kutokula kila kinachouzwa dirishani mwa basi, mama yako atakuambia leo, kisha atakuambia tena kesho stendi mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu bunduki yako, na ile fomu uliyoniletea juzi nitie sahihi.

Kwenye fomu ile Afande Mbilinyi, mwalimu wako wa shabaha, alikuachia nafasi ujaze mwenyewe unakwenda kwenye kambi ya timu, Morogoro, kama nani. Mpigaji, au msaidizi wa uwanja. Ukajaza msaidizi wa uwanja. Mtu wa kubandika karatasi za shabaha, kuokota maganda ya risasi na kusafisha bunduki za wenzake mwaka mzima. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu huku unakoroga uji, hata hukugeuka. "Baba, mkono wangu mbele za watu unacheza. Wewe mwenyewe uliuona. Bora niseme mapema kuliko kuja kuwaharibia timu." Nikakuambia nitasaini kesho. Leo ni siku ya tatu, fomu iko chini ya randa, haina sahihi.

Sijasaini kwa sababu ulichokiandika si kweli, na mtu aliyekufanya ukiamini ni mimi. Nitakueleza kuanzia mwanzo, usije ukadhani nakufariji tu kwa kuwa unaondoka.

Unakumbuka tulivyompata Afande. Alikuja kuagiza mabenchi ya klabu yake ya shabaha, kule uwanjani nje ya Didia, mwanajeshi mstaafu asiyejua kuegemea ukuta. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Siku ya kupeleka mabenchi ulikuja nami kwa sababu ulitaka kupanda lori, si kwa sababu nyingine yoyote. Akakupa bunduki ya upepo ujaribu, kwa utani. Karatasi yako iliporudi utani ukaisha. Akaitazama, akakutazama, akaniuliza, "Mzee Luhende, huyu mtoto mnamlisha nini?" Nikamwambia michembe, viazi vyetu vya kukausha. Tangu hapo kila Jumamosi mimi na wewe tukawa watu wa basi la Didia, na makonda wote wakatujua.

Ulipomaliza kidato cha nne klabu ikapata mfadhili, na Afande akaamua asinunue bunduki iliyokamilika. Alisema mtaiunga kipande kwa kipande, ikufae wewe. Vibali vyote vilikuwa kwa jina la klabu, silaha inalala kwenye kabati lao la chuma na funguo anazo yeye. Kazi yetu sisi ilikuwa kuchagua. Tuliketi kwenye mabenchi yangu mwenyewe, Afande kaweka vipande na picha mezani, na mimi nikawa na maoni juu ya kila kitu, ingawa nilikuwa sijui hata kimoja.

Mtutu nilitaka mrefu, mwembamba, kwa sababu ndio niliowahi kuuona kwenye picha za wawindaji. Wewe ulishika bunduki moja ya klabu, ukashika nyingine, ukakaa nayo begani mpaka Afande akamaliza kisa chote cha goti lake, kisha ukachagua mtutu mfupi, mnene. "Huu mzito, Baba, lakini haunisumbui," ulisema. Mimi nilitaka pia darubini, kubwa kuliko zote, maana nilijua anayeona mbali ndiye anayepiga mbali. Afande akanieleza kwa upole kwamba katika mashindano yenu mtu anachungulia kwenye kitundu kidogo tu cha chuma, basi. Nikasema sawa, huku moyoni nikiona mmepunjwa. Na kifyatulio, kile cha kubonyeza kwa kidole, ulikichagua umefumba macho. Alikupa vitatu, bila risasi, ukabonyeza kimoja kimoja taratibu. Ulipofika cha pili ukakirudia, ukakirudia tena, ukasema, "Hiki hakinishtui." Nilikutazama nikajisemea, huyu binti anajua anachokitaka kuliko mimi nilivyojua nilipokuwa naoa. Hilo usimwambie mama yako.

Kikabaki kitako, yaani ule mti wote unaobeba chuma na kuegemea begani. Afande alikuwa nacho kimoja cha kiwandani, mbao nyembambanyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Kilikuwa cha bluu. Bluu ya ndoo ya plastiki. "Hiki hakijui mvua wala jua," alisema. "Hakipindi." Wewe ulikipenda. Nilikuona ukikipapasa kwa kidole gumba pale kinapokaa shavu, kikakukaa vizuri. Nami nikasema hapana. Nikasema mtoto wa seremala hawezi kuweka shavu kwenye mti wa kiwandani, watu watatucheka kuanzia Kahama mpaka Shinyanga. Kitako nitachonga mimi, na mti ninao. Hukubisha. Hujawahi kunibishia mambo ya mbao, na laiti siku ile ungenibishia.

Sasa nikusimulie mti wenyewe, kwa sababu nilikuambia tu ni mninga wa zamani.

Kwamba nilikuwa mchimbaji Geita kabla hujazaliwa, unajua. Duara letu, ndivyo tulivyoliita shimo la dhahabu, lilikwenda chini mpaka mtu wa juu akikuita hupati jina, unapata sauti tu. Tulilikinga kwa magogo yaliyobanwa ukuta hadi ukuta, tukiyaita matimba, ili udongo usitumwagikie. Siku moja baada ya mvua udongo ukashuka. Nilikuwa chini na wenzangu watatu. Gogo moja la mninga juu ya vichwa vyetu likaupokea mzigo wote. Lililia, Minza. Nimefanya kazi ya mbao miaka yote tangu hapo na sijapata kusikia tena mti ukilia vile. Lakini halikukatika mpaka wote wanne tukapanda, mimi wa mwisho. Nilipofika juu nilikaa chini kwenye vifusi nikashindwa kufunga kamba za viatu. Sikurudi tena shimoni. Nilikuja Kahama kujifunza useremala, nikamkuta mama yako, ukaja wewe.

Wiki zile tulipokuwa tunachagua bunduki, nikasikia lile duara letu linafunguliwa upya na matimba ya zamani yanatolewa. Nilikwenda. Mama yako nilimwambia nafuata bawaba. Nikalitambua gogo langu kwa kovu la shoka, wale vijana wakanipa bila maswali, walidhani ni kuni. Njia nzima ndani ya lori nilikuwa nimeliwekea mkono. Nilikuwa nawaza kwamba mti uliozuia nisifukiwe utakaa begani mwa mwanangu, na kwamba hakuna mtoto mwingine nchi hii mwenye kitu kama hicho. Machozi yalinitoka, nikamwambia dereva ni vumbi.

Unaona kosa lilivyoanza. Kila kipande kingine tulikichagua kwa kukuuliza wewe kinakufaaje. Kitako sikukuuliza. Nilichagua mti ulionifaa mimi, siku yangu, shimoni kwangu.

Na ulikuwa mbichi. Wewe umekulia humu karakana, unajua mbao ya kuchonga kitu cha kudumu lazima iwe imekauka mpaka moyoni. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza namfundisha hilo kabla sijamwonyesha nyundo ilipo. Lakini nilipoliona gogo la miaka yote ile nikajiambia, huu umeshakauka zamani. Nikachukulia uzee kuwa ukavu. Shimoni hakukauki kitu, mwanangu. Mawe yanatoa jasho mwaka mzima, na gogo lile lilikuwa limekunywa jasho hilo tangu wewe hujazaliwa. Juu lilikuwa gumu, patasi inadunda. Nilipolipasua, vumbi la msumeno likanishika vidoleni. Vumbi kavu halishiki vidole. Niliona, nikapangusa mikono kwenye suruali, nikaendelea.

Kilitoka kizuri, hilo acha niseme. Rangi ilikuwa ya chai nzito, mistari imelala kuelekea mbele. Siku ulipokishika mara ya kwanza ukanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Baba," polepole, sauti ya bibi yako kabisa. Nililala na hiyo sauti wiki nzima. Masika yote bunduki ilipiga mahali ilipoelekezwa, nami nikatembea mtaani kifua mbele.

Kisha kiangazi kikaja, na upepo ule mkavu, na mchujo wa Shinyanga.

Najua unaikumbuka siku ile kuliko mimi, lakini nataka uisikie kutoka nyuma yako, nilikosimama. Risasi za kwanza zilikaa katikati. Jua lilipopanda zikaanza kuhama, kidogo kidogo, zote upande mmoja, kulia na chini. Mkono unaocheza haufanyi hivyo. Mkono unaocheza unatawanya. Hilo nalijua leo, na nadhani hata siku ile sehemu fulani ya kichwa changu ililijua. Ulirekebisha kilengeo, zikahama tena. Ulifuta jasho, ukavuta pumzi, zikahama. Afande akanijia, akaniinamia sikioni, lakini yule mtu hajui kunong'ona.

"Mzee Luhende, ni bunduki au ni yeye?"

Nikamjibu, "Bunduki naijua, nimeichonga mwenyewe. Ni yeye. Anaharakisha, mkono unacheza."

Ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu hukugeuka. Ulimaliza risasi zako zote, ukaiweka bunduki chini kwa adabu kama ulivyofundishwa, kisha ukaugeuza mkono wako wa kulia, kiganja juu, ukautazama. Ulikuwa na miaka kumi na nane. Nimeona vitu shimoni ambavyo sikusimulii, lakini kinachonirudia nikiwa peke yangu ni wewe unautazama mkono wako. Niliulizwa nichague kati ya mwanangu na kipande cha mti, mbele za watu, na nikachagua mti.

Mwezi uliofuata Afande aliniita nipake kitako mafuta. Alitoa bolti, kile chuma cha kufungia risasi, akaiweka kabatini, akaniachia mwili wa bunduki mezani, akaenda kukagua uzio. Nilichana karatasi ya daftari nikaipitisha kati ya mtutu na mti. Mtutu wa shabaha haupaswi kugusa mti kwa mbele, unatakiwa uelee, karatasi ipite tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Upande wa kulia ilipita. Upande wa kushoto ikagota. Nikaivuta, nikaijaribu tena, ikagota palepale. Mti ulikuwa umekauka ukajipinda, ukauegemea mtutu, na kila jua lilipopanda ulikuwa ukiusukuma kulia. Wewe ulikuwa unapiga sawasawa. Mti wangu ndio uliokuwa unakuhamisha.

Hapo ndipo ningekuita. Ulikuwa hatua chache tu, nje, unapanga viti. Badala yake nilitoa patasi na msasa nikakwangua mfereji unaolaza mtutu mpaka karatasi ikapita, nikapaka mafuta juu, nikakunja vumbi kwenye kitambaa. Jumamosi iliyofuata ulipiga, risasi zote zikaingia ndani ya duara dogo kabisa. Ukanigeukia unacheka. Nami nikakuambia, na maneno haya nitayajibu mbele ya Mungu, "Umeona? Ukitulia, mkono unakubali."

Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa sijui, au sikutaka kujua. La pili nilijua.

Umewahi kuniona nikiomba radhi? Mama yako nikimkosea huwa naleta nyama. Mwezi ule nilileta nyama mara nne, ukasema biashara imechangamka. Mama yako hakusema hivyo. Alikuwa ameona vumbi jekundu kwenye kitambaa changu, akajua limetoka kwenye kitako chako, akaniuliza, nikamweleza. Akaendelea kukata nyama. "Baba Minza, hii nyama mimi napika," aliniambia, "lakini mtoto anangoja maneno, na hayo siwezi kumpikia." Tangu hapo hajanigusia tena. Kila ukitaja mkono wako mezani ananitazama mara moja, kisha anaongeza ugali. Miaka miwili sasa. Usimkasirikie yeye. Alisema ni langu kulitoa, na alikuwa sahihi.

Na miaka miwili hiyo nimekuona unavyoutunza ugonjwa ambao huna. Uliacha chai ya rangi. Uliacha netiboli, na ulikuwa unaipenda. Ndoo unabeba kwa kushoto, unalala umeuwekea mkono mto, kabla ya kupiga unakaa umeufunika kwa kanga kama kifaranga. Majirani wanasema binti wa Luhende ana nidhamu. Ningeweza kuizuia ile kanga kwa sentensi moja. Kila siku nilisema kesho. Niliogopa, ndio ukweli. Ulikuwa unawaambia watu "Baba yangu ndiye fundi," kwa ile sauti, na sikutaka iishe. Nilikuwa tayari uwe na mkono mbovu ili mimi niendelee kuwa fundi mzuri. Nikiiandika naona aibu, ila nimeshaiandika, na penseli hii haina kifutio.

Kuna na hili. Mti ule haujamaliza kujipinda. Kila kiangazi tangu wakati ule nimekuwa nikijipenyeza na msasa, nasema napaka mafuta, nakwangua. Ndiyo maana umekuwa ukipiga vizuri hapa Didia, na ndiyo maana kila kiangazi kinapoanza unapata wiki mbili mbaya. Si hofu. Ni mimi ninayechelewa na msasa. Sasa bunduki inakwenda Morogoro kwenye gari la klabu pamoja na kitako changu, na kule hakuna baba wa kukwangua kwa siri. Ungekaa kule unauguza mkono wako mpaka uzeeke.

Jana nilikwenda Didia peke yangu. Nilimweleza Afande yote, nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Aliponisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Yeye umeshamwambia?"

"Bado, Afande."

"Basi umeanza kwa mtu asiyehusika." Akainuka, akafungua kabati, akanionyesha kile kitako cha bluu. Hakukigawa miaka yote hii. Nilimwomba akifunge kabla ya safari. Akakataa. "Nitakifunga akitaka yeye. Wewe kuchagua umemaliza."

Nilirudi na basi la jioni, na kwa mara ya kwanza konda aliniuliza wewe uko wapi. Nikamlipa nauli ya mtu mmoja.

Kwa hiyo amua wewe. Ukitaka cha bluu, mpigie Afande usiku huu, amesema atakaa macho. Ukitaka kubaki na mninga, basi uupe kiangazi kimoja kingine, na uwe na msasa wako. Mimi sitasema neno. Kama ungeniuliza ningesema chukua cha bluu, ulikipenda kwa kidole chako mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Lakini usiniulize.

Kitu kimoja tu naomba ukichukue kwangu, kwa kuwa hiki nakijua kweli. Bunduki yoyote utakayopewa, hata wakikuambia imetoka Ulaya, hata akikupa mtu anayekupenda kuliko nafsi yake, pitisha karatasi kwanza. Usione haya mbele yake. Mimi ningefurahi sana leo kama siku ile ya kwanza, badala ya kunishukuru, ungechana ukurasa ukaupitisha mbele ya macho yangu. Ningenuna kidogo, halafu ningeona.

Na mtu akikuambia una kasoro, mtazame ana nini cha kulinda. Mimi nilikuwa nalinda gogo.

Unaondoka kesho asubuhi na mimi ninakupenda, nilitakiwa kuandika hilo juu kabisa badala ya habari za begi. Nilikupenda pale uwanjani Shinyanga, hata dakika ile niliyokusaliti. Nilitaka uwe na kitu changu kiasi kwamba sikuona tayari unacho. Ule utulivu wako ukiwa na kifyatulio, macho umefumba, unasikiliza kidole, hukuutoa kwenye mti wowote. Sijui hata ulikoutoa. Si kwangu, mimi ni mtu wa kugombana na misumari.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii chini kabisa ya nguo zako, uisome ukiwa umeshavuka Singida, nami niwe huku nisiuone uso wako. Nimeghairi. Mkirudi nitakupa mkononi pamoja na fomu na penseli hii. Mama yako atakaa ndani, ameshaelewa. Mimi nitakaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana mpaka umalize kusoma. Ukija na hasira, njoo nazo zote, usinipunguzie kwa sababu ya heshima. Usipotaka kuja kabisa, nitaelewa, na kesho nitakubebea begi mpaka stendi bila kukusemesha.

Pale kwenye fomu nimefuta ulichoandika, taratibu, kwa msasa laini. Sikuandika kitu kingine, nafasi ni nyeupe, ni yako. Chochote utakachojaza nitatia sahihi chini yake.

Lakini ukijaza, jaza kwa mkono wako wa kulia, Minza. Hauna kitu. Haukuwahi kuwa na kitu.

Ni mimi baba yako,
Luhende